Nilivyotia Bulu Chemchemi ya Lombeya

Tangu nirudi siwezi kwenda sokoni bila kusimamishwa. Mnauliza kama kweli tulifungwa na wanakijiji, kama kweli Tonton Gervais alikunywa rangi, na kama ni mimi niliyechafua maji ya watu. Majibu ni hapana, ndiyo, na ndiyo kwa bahati mbaya. Nimechoka kusimulia vipandevipande huku kila mmoja akienda kuongeza chumvi yake, kwa hiyo nimekaa chini niandike yote mara moja.

Mjue kwanza nilikuwa natafuta nini. Mimi Solange nimechora kitu kimoja kwa miaka mingi: maporomoko yetu ya Kisangani, na wavuvi juu ya miti yao wakishusha mitego kwenye povu. Wageni wanazipenda picha hizo, nami nilikuwa naweza kuwachora wavuvi wale macho yakiwa yamefumbwa. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mwaka huu nilitazama picha niliyokuwa nimetoka kuimaliza, nikaona imekufa. Nikachora nyingine, nayo ikafa. Yaya wangu Willy, kaka yangu mkubwa anayefanya kazi uwanja wa ndege wa Bangboka, alinitafutia nafasi kwenye mizani ya mizigo. Ni mtu mwema, hakunisukuma. Nilimwomba wiki moja. Nikamwambia nikirudi mikono mitupu, Jumatatu asubuhi navaa uniforme ya kazi na brashi zangu nazigawa. Nilisema kwa dhati, na niliogopa sana.

Wazo la safari lilikuwa la Tonton Gervais, mchonga vinyago, jirani yangu na mjomba wa mtaa mzima. Alikuwa amesikia kwamba Lombeya, mto mdogo unaoumwagia mto mkubwa wa Aruwimi maji safi, unaanzia kwenye esobe, yaani uwanda wa majani na maji katikati ya msitu. "Siku zote tunaangalia mto ikiwa imekomaa," alisema. "Twende tuione ikiwa ingali inanyonya." Mado, anayetunga nyimbo za kwaya, akasema na yeye yumo. Basi tukawa watatu.

Pikipiki hadi Banalia

Tuliondoka Jumamosi, kila mtu na pikipiki yake ya kukodi na dereva wake. Mvua ilitukamata kabla hatujafika mbali, barabara ikawa uji, na mara tatu nilishuka nikasukuma pamoja na dereva. Mwishowe tulijificha kwenye kibanda cha mama mmoja anayechoma makemba, ile ndizi yetu kubwa. Alilitazama sanduku langu jeupe la rangi, akanitazama mimi na koti langu jeupe la mvua, akatoka mbio bila kusema neno. Aliporudi alikuwa na watoto saba wamepangwa mstari, wawili tayari wanalia.

"Dokta, anza na huyu mukubwa," akasema. "Akiona sindano atakimbia."

Nikamweleza kwamba hatukuja kuchanja mtu, sisi ni wachoraji.

"Wachoraji? Bon. Na munapita na hii mvua yote juu ya kuchora nini?"

"Maji, mama. Tunaenda kuona pale mto inaanzia."

Aliitazama mvua inayomwagika kwenye paa lake, kisha akatugeukia. "Kumbe ku Kisangani maji iliisha?"

Tonton Gervais alicheka mpaka akakohoa. Mado aliwaimbia watoto ili kilio kiishe, na yule mama akatulipa wimbo kwa makemba ya moto na karanga. Tulilala njiani kwa mjomba wa dereva mmoja, tukafika Banalia Jumapili jioni tukiwa na matope hadi masikioni.

Kivuko

Kijiji tulichokitaka, kilicho karibu na ile esobe, kiko ng'ambo ya Aruwimi, na kivuko kilikuwa kimesimama kwa sababu mkanda wa mashine ulikatika. Mkanda mwingine ulikuwa "njiani". Jumatatu yote tulikaa ukingoni tukiitazama ng'ambo isiyofikika. Nilikuwa nahesabu siku vidoleni, na kila kidole kilikuwa kinanisogeza karibu na ile mizani ya Bangboka.

Hapo ndipo tulipokutana na Papa Dieudonné, mfanyabiashara wa samaki wa kukaushwa kutoka Basoko. Alikuwa amepanda mto kwa mtumbwi wa mashine. Na yeye alikuwa anakwenda kijiji kilekile. Dada yake Albertine, aliyeolewa huko, alikuwa amefariki ghafla, na Jumamosi jamaa za pande zote mbili wangekutana kumaliza matanga. Alikuwa anawangoja ndugu zake wengine ili waingie pamoja.

"Dada yangu alikuwa muzima," alituambia, sauti ya chini. "Jumatatu anafua nguo, Jumatano banamuzika. Mi nauliza paka kitu moja tu: alikula nini?"

Tulimpa pole. Alituchagulia samaki watatu wazuri, akasema tuwasalimie wenyeji, na tuwaambie waloweke mihogo ya kutosha maana watu wa Basoko wanakula. Kisha akaongeza kwamba yeye mwenyewe siku hiyo ataangalia kila sahani. Nilidhani anatania, ila hakuwa anatania.

Mkanda ulifika Jumanne asubuhi. Tukavuka.

Kwa Mama Yosefina

Kutoka mtoni ni mwendo wa miguu wa saa tano, na Tonton Gervais aliulalamikia kila dakika huku akikataa kupokewa mfuko wake wa patasi. Kijiji ni nyumba chache za udongo mwekundu kando ya Lombeya, ambayo pale ni ya kuruka kwa hatua tatu. Alitupokea Mama Yosefina, dada wa mume wa marehemu na mkubwa wa wanawake kwa mambo yote ya maji. Ni mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, na hana subira na mtu mzembe. Alitupa lituma, makemba yaliyopondwa laini na mafuta ya mawese, pamoja na pondu ya majani ya mihogo, tukala mpaka tukaona aibu.

Mume wa marehemu, Papa Simoni, alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, amegeukia ukuta. Tonton Gervais alimsalimia kwa Lingala, kwa Kiswahili, hata kwa Kifaransa. Aliendelea kuutazama ukuta.

"Mumuache," Mama Yosefina akasema. "Tangu tulimuzika Albertine hajasema hata neno moja. Sahani inaenda, sahani inarudi vilevile. Na sasa shemeji zake banakuja na maneno yao ya Basoko. Siku ya Jumamosi mi naomba paka kitu moja tu: batu bakule, baondoke na roho safi."

Esobe

Jumatano alituonyesha njia, akatuambia tutembee miguu mitupu, akarudi kwa shughuli zake. Hakutuambia zaidi, nasi hatukuuliza. Nalisema hili si kwa kujitetea.

Msitu uliisha ghafla, mbele yetu kukawa na uwanda mpana wa majani mafupi, ukungu umelala juu yake. Udongo ni mweusi, unabonyea, ukiinua mguu unakung'ang'ania. Hakuna mti mkubwa, ni vichaka vya magotini na maua meupe madogo sana. Tonton Gervais alizunguka huku na huku, amekunja uso.

"Mto iko wapi?"

Alikuwa amesimama juu yake. Maji yalikuwa yanatoka chini ya majani kila mahali, bila sauti, bila haraka. Mado aliweka simu yake chini arekodi akapata vyura tu, akafurahi hata hivyo. Tonton alipiga magoti akawa anapapasa mizizi iliyopinda, anaiongelesha. Wenzangu walikuwa wamepata walichokuja kutafuta ndani ya nusu saa.

Mimi nilichora karatasi tatu. Nilipozitazama, nilikuwa nimechora maporomoko ya Kisangani. Pale penye maji ya kimya nilikuwa nimeweka povu! Mkono ulikuwa umejiendea wenyewe. Nikajua imekwisha, Jumatatu navaa uniforme.

Kwa hasira nikazitumbukiza zile karatasi kwenye kidimbwi kilichokuwa karibu nami, kipana cha kutosha kulaza mkeka. Nikaosha brashi. Kisha nikakung'uta na kopo la bulu, maana unga wake ulikuwa umeshikana kwa mvua ya njiani. Bulu yangu ni ile ya kufulia nguo nyeupe, nainunua sokoni naichanganya na gundi. Nyumbani naosha vyombo vyangu kwenye mto Tshopo na rangi inapotea kabla sijainuka. Ndivyo tunavyofanya wachoraji wote wa mjini, na kwa mto mkubwa hakuna anayeona.

Pale haikupotea. Ilisimama, ikatanuka, kisha ikaanza kushuka polepole katikati ya majani. Na mimi, Mungu anisamehe, niliiona nzuri. Nilimwita Mado aje aone.

Ndipo tukasikia ukelele.

Hatua thelathini chini yetu, nyuma ya majani marefu, kulikuwa na kidimbwi cha pili. Humo ndimo mihogo yote ya matanga ilimokuwa imelowekwa, siku ya tatu, tayari kutolewa kesho yake kutengenezwa kwanga, ile mikate ya muhogo inayofungwa kwa majani. Mama Yosefina alikuwa amesimama ndani, maji magotini, na mkononi ameshika muhogo wa bulu.

"Nani iliweka hii kitu mu maji?"

"Ni mimi, mama."

"Ni nini? Ni sumu ya samaki?"

"Hapana, mama, ni bulu ya kufulia. Nilikuwa naosha brashi. Sikujua..."

"Unaosha mu hii maji? Hii ndiyo tunakunywa! Hii ndiyo tunapikia!" Sauti yake ilikatika. "Na kwanga ya bulu nitamupatia shemeji nani? Ule mutu wa Basoko anauliza dada yake alikula nini. Nitamuonyesha hii?"

Wanawake wengine walikuwa wameshafika. Hakuna aliyenigusa wala kunitukana, ila walinitazama, na nilitamani ardhi ile laini inimeze. Nikawa narudia kwamba haiui. Mmoja akauliza tutajuaje. Kabla sijafungua mdomo, Tonton Gervais aliinama, akachota kiganja, akanywa. Akachota cha pili. Kisha akawatolea ulimi, bulu tupu.

"Iko na ladha ya shati," akasema.

Mwanamke mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo. Mama Yosefina hakucheka. Alisema tutamngoja huyu mzee hadi kesho. Usiku ule niliamka mara nyingi kusikiliza kama anapumua, naye alikuwa anakoroma vizuri tu.

Kuyakomba maji

Alhamisi asubuhi Tonton aliamka na njaa, na kwa hilo peke yake nilimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini mihogo ile haikufaa tena kwa kwanga, na maji yalikuwa bado na rangi. Mama Yosefina akaniambia desturi yao: anayechafua chemchemi ndiye wa kwanza kuingia kuikomba, na wanawake wote wanamfuata. Wanaume hawasogei. Kila bakuli unalomwaga nje, unataja jina la mwanamke aliyewahi kuteka maji, ili maji yajue ni ya nani.

Niliingia. Nilimwaga bakuli la kwanza nikasimama kimya, maana sikuwa na jina hata moja la pale.

"Mi siko mutu ya hapa, mama," nikasema. "Nitaje nani?"

"Kwenu hakuna bamama benye banateka maji?"

Basi nikataja wa kwetu, wa Yanonge, bibi zangu na dada zao: Mama Losa, Mama Antuaneti, Mama Bolumbu. Nilipoishiwa nikarudia. Walikuwa wananijibu kwa yao, bakuli kwa bakuli, na nilipotaja jina lililowachekesha walilirudia wote. Mgongo uliniuma kupita kiasi. Jina la Albertine lilikuwa la mwisho, walilitaja pamoja, na hapo ndipo Mama Yosefina alipolia.

Kufikia mchana maji mapya yalikuwa yanapanda kutoka chini, safi, tena bila haraka. Aliyanywa yeye kwanza, akanipa na mimi.

Kuhusu chakula, Mado ndiye aliyetuokoa. Aliuliza kwa nini tung'ang'anie kwanga wakati makemba hayahitaji kulowekwa. Ijumaa na Jumamosi alfajiri mimi na yeye tuliponda lituma ya kijiji kizima na wageni wake, viganja vikatoka malengelenge. Hatukuruhusiwa kupumzika na hatukuomba.

Uso wa Albertine

Ijumaa mchana, mchi ukiwa bado mkononi mwangu, Mama Yosefina aliniambia kwamba deni langu na maji limekwisha, lakini na nyumba ya mfiwa bado.

"Ulisema unachorakachora batu. Albertine hana foto. Ile ya kadi yake jasho ilikula yote. Ndugu zake banakuja, batakuta paka ukuta tu. Umuchore."

"Mama, mi sikumuona hata siku moja."

"Sisi tulimuona."

Walinipakia ukuta wa mbele udongo mweupe. Nilikuwa na bulu iliyobaki chini ya kopo, mkaa, na udongo mwekundu. Nikaanza, na wanawake kumi wakaanza kugombana. Pua ilikuwa pana. Hapana, pua ilikuwa ya kawaida, mashavu ndiyo mapana. Nilifuta mara nne. Kila uso niliouchora ulikuwa wa mtu yeyote. Mkono wangu ulianza tena kutafuta njia zake za zamani.

Nikaweka brashi chini. Nikawaambia waache pua. "Munionyeshe namna alikuwa anagombeza."

Wakatazamana. Kisha Mama Yosefina alisimama, akaweka mkono kiunoni, akainamisha kichwa kushoto, akafumba jicho moja nusu, akasema kwa sauti isiyo yake: "Simoni! Kuku umefunga?" Wote wakaangua kicheko, na mara kila mmoja akasimama kuonyesha wake, shingo hivi, mdomo hivi, na ajabu ni kwamba sasa walikuwa wanakubaliana. Nilichora haraka kuliko nilivyowahi kuchora maishani. Sikufikiri. Sikumbuki hata nilichanganya nini na nini. Walinyamaza mmoja baada ya mwingine, na nilipogeuka kuuliza kuna nini niliona hawanitazami mimi.

Papa Simoni alikuwa ametoka nyuma ya nyumba.

Alikuja taratibu hadi mbele ya ukuta. Kisha akakunja uso.

"Albertine, ni nini unaniangalia vile?" akasema. "Kuku nilifunga."

Wakacheka, wakalia, sijui kipi kilitangulia. Mimi nililia wazi, mikono ikiwa na rangi hadi viwiko. Jioni ile alikula.

Jumamosi watu wa Basoko waliingia. Papa Dieudonné, ambaye alikuwa ameapa kuangalia kila sahani, hakufika kwenye sahani. Alifika ukutani akavua kofia. Shemeji yake akaja akasimama karibu naye, wakawa wanamtazama wote wawili, na baada ya muda Papa Dieudonné akauliza kwa upole jinsi dada yake alivyofariki. Papa Simoni akamweleza yote, kuanzia maumivu ya tumbo ya Jumatatu usiku hadi machela waliyombeba nayo kuelekea mtoni, na jinsi walivyochelewa. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasimulia. Baadaye walikula lituma kutoka bakuli moja.

Kurudi

Jumapili tulitembea tukiwa wepesi. Mado alikuwa anaimba yale majina ya kukomba maji, anayapanga upya njia nzima. Tonton Gervais alikuwa na mzizi mmoja uliopinda aliopewa kwa ruhusa, na ulimi wake umerudi rangi yake. Kivuko kilitungojesha tena hadi jua likazama, tukalala Banalia, na Jumatatu saa mbili asubuhi, saa niliyotakiwa kuwa mbele ya mizani, nilikuwa nimesimama juu ya jiwe mahali panaposhika mtandao, simu sikioni.

"Solange! Uko wapi? Chef anauliza."

"Yaya, niko Banalia. Unisamehe. Sitakuja ku ile kazi."

Nilisikia ndege inawasha mashine nyuma yake.

"Alors ulipata kitu?"

"Nilipata."

"Iko wapi? Unaleta?"

"Hapana. Imebaki kule, ku ukuta ya nyumba ya batu."

Nilidhani atapasuka. Ikabidi nimweleze haraka, bulu, mihogo, bakuli, kuku, yule mzee aliyeugombeza ukuta. Sikujua kama ananisikiliza. Ile ndege iliondoka kwa kishindo, nikaita halo, halo.

"Niko," akasema. Sauti ilikuwa nyingine. "Sikia. Mama yetu... na yeye hatuna foto yake. Weye ungali unamuona vizuri? Mimi uso yake inaanza kunipotea."

Nilikaa chini juu ya lile jiwe.

"Nakuja, yaya," nikamwambia. "Lakini uniambie kwanza, weye alikuwa anakugombeza namna gani?"

Akaanza kunionyesha palepale, kwa sauti ya mama, mbele ya mizigo ya watu, mpaka uniti za simu zikatuishia.